Andazi la Siku ya Mfungo

Zamani, kabla mitaa ya To Kwa Wan haijaanza kubomolewa nyumba kwa nyumba, mtu hakuhitaji kibao cha kumwonyesha lilipo duka la mikate la Fundi Pang. Pua ilimtosha. Kila kukicha Fundi alikata shahamu ya nguruwe vipande vidogo, akaitia katika karai la chuma palepale karibu na mlango, akaiacha itoe mafuta taratibu mpaka makapi yake yawe mekundu na kuanza kulia. Harufu ile ilipanda ngazi, ikaingia madirishani, ikawatoa vitandani wafanyakazi wa viwandani na watoto wa shule. Siku hizi watu huamshwa na simu, wakaamka wamenuna.

Bi Suet-ngo aliishi ng'ambo ya barabara, ghorofa ya tano, katika nyumba isiyo na lifti, ingawa mwanawe wa pekee, Wai-hung, kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za watu wengine. Majirani walilifanyia mzaha jambo hilo mpaka likachuja. Yeye mwenyewe alikuwa mshonaji. Ujana wake wote aliumalizia katika kiwanda cha suruali, akishona zipu, zipu tupu, hata akawa anasema kwamba nusu ya wanaume wa Ulaya wamestirika kwa mkono wake. Viwanda vilipohamia bara, aliosha vyombo katika mkahawa. Mkahawa nao ulipofungwa, alikaa nyumbani, mwembamba, mkali wa maneno, mguu mmoja ukimsumbua siku za mvua.

Mumewe alikuwa mpishi wa meli. Aliondoka mtoto akiwa bado ananyonya, akashuka katika bandari fulani ya mbali, na huko akaona panamfaa. Kwa hiyo Wai-hung alipoingia homa ya uti wa mgongo, hajafika hata umri wa shule, Bi Suet-ngo hakuwa na mtu wa kumshika bega. Alikwenda peke yake kwa Kwun Yam, mungu mke wa huruma, akapiga magoti kwenye sakafu iliyojaa majivu ya ubani, akaweka nadhiri: niachie mtoto huyu, nami sitaonja kitu chenye uhai siku ya kuandama mwezi wala siku ya mwezi mpevu mpaka nitakapozikwa.

Homa ikateremka. Mtoto akaomba maji. Tangu siku hiyo, kila mwezi mara mbili, Bi Suet-ngo alifunga.

Siku ya kwanza ya mfungo huo alitoka hospitali na njaa, maana tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni. Alisimama mbele ya duka la Fundi Pang, wakati huo Fundi akiwa kijana mwenye mikono mizito na nywele nyeupe kwa unga, akanyoosha kidole kwenye andazi la mviringo lililonyunyiziwa ufuta.

"Hili lina nyama?"

"Halina nyama, dada. Choroko za kupondwa na chumvi."

Alilila hapohapo barabarani. Ngozi ya andazi ilikuwa tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama karatasi zinazochomwa hekaluni, ikavunjika mdomoni bila kelele, na chini yake choroko zenye chumvi, laini, za moto. Akala la pili. Alipoinua uso alikuwa amerudi kuwa mtu.

Basi ikawa ndiyo desturi. Watu wengine wakifunga hukunja uso. Bi Suet-ngo siku ya mfungo alishuka ngazi kama anayekwenda harusini. Alinunua andazi la choroko, nusu akala yeye, nusu akampa mwanawe, na mtoto akakua akijua siku za mwezi kwa ufuta uliobaki kwenye meno ya mama yake. Miaka zaidi ya arobaini ilipita hivyo.

Halafu Fundi Pang akazeeka. Mabega yalikataa kukanda, na duka likashikwa na binti yake, Lai-wah, mwanamke mchangamfu, mchapakazi, asiyekuwa na ubaya wowote isipokuwa kwamba alipenda vitu vipya. Aling'oa rafu za mbao, akaweka vioo na taa. Kila andazi likavishwa mfuko wake wa plastiki kama maiti wa tajiri. Mteja akashikishwa sinia na koleo ajihudumie, kwa muziki. Karai la Fundi likatolewa motoni, likabaki hapo mlangoni liwe la kusimamishia miavuli ya wateja.

Si kwamba Bi Suet-ngo alichukia kila kitu kipya. Siku zisizo za mfungo alikuwa mwonjaji mkuu wa duka. Lai-wah alikuwa akikata vipande kwa mkasi na kumpa kwa kijiti, kwa sababu alijua kwamba andazi jipya likipita kwa Bi Suet-ngo, litapita kwa kila mzee mtaani.

"Shangazi, onja hili. Jibini na mwani."

"Jibini na mwani wamejuana wapi?"

"Onja kwanza ndipo uwafungulie kesi."

Bi Suet-ngo alitafuna, macho juu. "Ni kama kulamba meli."

"Basi hili. Samaki na mahindi."

"Hili la mtu asiye na meno. Peleka hospitali. Lile la soseji liko wapi?"

"Unalipenda lile?"

"Soseji imelala kama mgonjwa aliyefunikwa blanketi, lakini imelala vizuri. Na kisambusa chako cha nyama na bizari nipe kizima, cha kipande hakinifikishi popote."

Lai-wah akacheka, akampa. Alimpa pia andazi lililopakwa nyama ya nguruwe iliyochambuliwa ikawa kama pamba, na Bi Suet-ngo akasema ni kula mto wa kitanda, akalimaliza.

Wakati huohuo Wai-hung alianza kusimama ghorofa ya tatu. Alikuwa akija kumwona mama yake kila Jumapili, na mama, aliyezoea kusikia viatu vyake mpaka mlangoni bila kukatika, akasikia vinakatika. Kwanza alijifanya anaongea na simu. Kisha midomo ikawa ya buluu. Valvu ya moyo, wakasema madaktari, ibadilishwe. Jina lake likaingia kwenye foleni, na baada ya kusubiri sana wakampa siku ya kupasuliwa. Bi Suet-ngo alifunua kalenda ya ukutani. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu.

"Umeona?" alimwambia mwanawe. "Hawakuchagua wao."

Alisema hivyo kwa furaha kabisa. Siku ile ilikuwa yake. Alikuwa ameilipia tangu ujana.

Mwezi ulipoandama, zikiwa zimebaki wiki mbili, alishuka asubuhi kununua andazi lake. Alilivua plastiki mlangoni, akauma. Akaacha kutafuna. Akalitazama andazi, akalinusa, akauma tena upande mwingine. Tabaka hazikuvunjika, zilikunjika. Ulimi ukabaki na utando kama wa mshumaa.

"Lai-wah! Hili ni la jana?"

"La sasa hivi, shangazi! Limetoka jikoni sasa hivi, lishike, bado moto."

"Halina harufu. Ni kama kutafuna boksi."

Lai-wah akatoka nyuma ya kaunta akipangusa mikono, uso umejaa habari njema. "Ndilo jipya hilo. Nimeacha mafuta ya nguruwe. Maandazi yote sasa ni mafuta ya mimea. Wateja wengi wanaumwa moyo, wana presha. Hata Wai-hung sasa anaweza kula."

"Mafuta ya nini?"

"Ya mimea."

"Hayo mengine. Ya mwanzo."

"Ya nguruwe, shangazi. Si ndiyo aliyokuwa akiyachuja baba? Tabaka zile huzipati kwa mafuta mengine, ndiyo maana yamekuwa..." Lai-wah naye alijua kusoma kalenda. Aliangalia andazi mkononi mwa mama yule, akaangalia uso wake, na mikono ikaacha kujipangusa.

Bi Suet-ngo aliliweka andazi juu ya kaunta, taratibu, kama linaloweza kuamka, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja hekaluni. Wale wanaoishi siku hizi hawajui tena shida ya mtu kama huyo. Nadhiri kwao ni neno la sinema. Lakini yeye alijenga maisha ya mwanawe juu ya nguzo moja, na sasa alikuwa ameambiwa kwamba nguzo ile tangu siku ya kwanza ilipakwa shahamu. Kila siku aliyodhani anaweka akiba, alikuwa anachota. Na kisu kilikuwa kinamngoja mtoto siku ya mwezi mpevu.

Alipiga magoti, akashika vile vipande viwili vya mti vilivyochongwa kama figo, bapa upande mmoja, vya kumuuliza mungu. Nadhiri yangu ilihesabika au haikuhesabika? Akatupa. Vyote viwili vikalala mgongo, bapa juu, si jibu la ndiyo wala la hapana.

Bibi mtunza hekalu, aliyekuwa akizoa vijiti vya ubani vilivyokwisha, akachungulia. "Anacheka huyo."

"Naona."

"Tupa tena."

Akatupa tena. Vikalala vilevile.

"Bado anacheka," akasema mtunza hekalu.

"Ananicheka mimi?"

"Kwani nani mwingine kapiga magoti hapa?"

Bi Suet-ngo alisonya, mbele ya mungu na ubani, akainuka akishika goti.

Alimkuta Fundi Pang kwenye uchochoro wa nyuma ya duka, ameketi juu ya debe la unga, anakunja maboksi. Ndiyo kazi aliyobakishiwa. Mikono iliyokuwa ikikunja tabaka mia za unga sasa ilikunja karatasi.

"Fundi Pang."

"Ngo. Lai-wah kaniambia. Keti."

"Sikai. Nilikuuliza mchana kweupe: lina nyama? Ukasema halina."

"Halina. Uliniuliza nyama, nikakujibu nyama."

"Usinichezee! Ulijua naja siku gani!"

"Mara ya kwanza sikujua," alisema Fundi. "Ulipokuja tena na tena, siku zilezile, nikajua. Nikasema kesho nitamwambia. Halafu ukaja, ukala pale nje. Mimi nilikuwa napika tangu nina miaka kumi na miwili, watu wananunua, wanakimbilia kazini, wanakula wakitembea. Sijapata kuona mtu akila kazi yangu namna ile. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza ukanitumbukiza."

"Nikanyamaza." Fundi aliweka boksi chini. Hakuonekana kutaka kuomba msamaha wala kuukataa. "Haya, na mimi nikuulize. Wewe uliniuliza choroko zangu ni za msimu gani. Uliniuliza kama paka analala kwenye unga. Uliniuliza ufuta nanunua kwa nani, nikakwambia, ukasema mwizi yule. Miaka yote hiyo, Ngo. Mafuta hukuniuliza hata mara moja. Kwa nini?"

Bi Suet-ngo alifungua mdomo.

"Na karai lilikuwa mlangoni," Fundi aliongeza. "Ulikuwa unalikwepa usichafue nguo."

Gari la taka lilipita kwenye kona, likarudi nyuma likilia, likaondoka. Bi Suet-ngo alikuwa bado amesimama.

"Harufu niliisikia," alisema mwishowe. "Nilijiambia ni ya maandazi ya nguruwe."

"Ulijiambia."

"Nilijiambia." Akaketi sasa, kwenye debe la pili. "Kilikuwa kitu kizuri pekee nilichokuwa nacho, Pang. Mwezi mzima zipu. Nilikuwa nazihesabu siku za kufunga kama mtoto anayehesabu mwaka mpya. Ni mfungo gani huo unaoutamani?"

Fundi Pang alichukua boksi jingine, akaanza kulikunja, kisha akampa la tatu yeye, na wakakunja wote wawili mpaka rundo likaisha.

Jumapili Wai-hung alikuja, akasimama ghorofa ya pili. Mama alimfuata palepale kwenye ngazi na kiti cha plastiki, akamketisha, akamweleza yote bila kuficha, hata kucheka kwa mungu. Akamaliza kwa kusema, "Mwambie daktari mwahirishe. Nipe mwaka mmoja nifunge sawasawa."

"Mama. Nimepanga foleni tangu mwaka juzi. Nikimwambia daktari tuahirishe kwa sababu mama yangu alikula andazi, atanihamishia wodi ya vichaa."

"Usicheke."

"Sicheki. Nikicheka napungukiwa pumzi." Alipumua kidogo, mkono kifuani. "Na nusu ya hayo maandazi nimekula mimi. Kama ni kuvunja, tumevunja wote."

"Wewe hukuweka nadhiri."

"Nilikuwa mtoto wa miaka mitatu, ningewekaje?"

Jirani wa ghorofa ya nne akateremka na kapu, wakampisha, akawauliza kama lifti imeharibika, akacheka mwenyewe, akaenda zake. Wai-hung akaangalia mikono yake, mikubwa, yenye alama za grisi ambazo sabuni haikuwahi kuzishinda.

"Mimi hayo mambo ya Kwun Yam siyajui," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nifungie hiyo siku moja, mama. Ifunge vizuri. Naogopa."

Mama hakuwahi kumsikia akisema neno hilo, hata siku ile lifti ya ghorofa thelathini ilipokatika waya mwenzake akiwa ndani. Bi Suet-ngo alimpiga bega kidogo, kama anayekung'uta vumbi. "Haya," alisema. "Simama basi, zimebaki ghorofa tatu."

Siku ya mwezi mpevu alishuka mapema, na begi la hospitali mkononi. Lai-wah alimwona tangu ng'ambo, akakimbilia mlangoni, akalipita lile karai la miavuli.

"Shangazi, leo nimekuwekea mkate mweupe, mtupu, nimeukanda kwa maji peke yake. Hauna kitu chochote, nakuapia. Laini sana."

"Sitaki laini. Nipe la choroko."

"La choroko? Hili jipya?"

"Mna jingine?"

"Ulisema halina harufu."

"Halina."

"Ulisema kama kutafuna boksi."

"Ndivyo lilivyo. Nipe mawili."

Lai-wah hakuelewa, lakini alimpa, na hakutaka kupokea malipo, na Bi Suet-ngo akamsukumia sarafu kwenye kaunta kwa nguvu hata moja ikaanguka. Nyuma, kwenye mlango wa jikoni, Fundi Pang alikuwa amesimama na boksi mkononi. Yeye alielewa. Alimwinamishia kichwa, kama mtu anayepishana na jeneza la mtu anayemheshimu.

Wai-hung aliingizwa chumba cha upasuaji asubuhi ileile. Milango miwili ikafunguka, ikajifunga. Bi Suet-ngo alichagua kiti kilichotazamana nayo, akatoa andazi la kwanza, akaanza kula.

Hakunywa maji nalo. Lilimshika kwenye fizi, likapanda juu ya kaakaa, likakataa kushuka. Choroko zilikuwa zilezile, chumvi ileile, na ndiyo iliyouma zaidi, kwa maana ulimi ulikuwa kila mara unangoja kile kilichofuata, na hakikufuata. Alitafuna akakumbuka karai, makapi mekundu, kijana mwenye unga kichwani, barabara iliyojaa wasichana wa viwandani wanaocheka wakielekea zamu. Hayo yote yaliondolewa, na watu wakaambiwa ni kwa faida ya moyo wao. Aliyatamani mpaka machozi yakamtoka, na akaendelea kutafuna. Kwa mara ya kwanza tangu apige magoti pale kwenye majivu, alikuwa anafunga.

Alipolimaliza la kwanza, mwanamke aliyeketi karibu naye, mwenye mume ndani ya milango ileile, akatabasamu kwa adabu. "Linaonekana tamu, mama. Umenunua wapi?"

"Si tamu," alisema Bi Suet-ngo. "Usinunue." Akakung'utia makombo kiganjani, akayala nayo. La pili alilila alasiri, polepole zaidi.

Jioni daktari alitoka akiwa bado na kofia ya karatasi, akaita jina la mgonjwa, na Bi Suet-ngo akainuka kwa haraka hata mguu mbovu ukasahau kumuuma. Imekwenda vizuri, alisema daktari. Moyo umepokea. Bi Suet-ngo alimshukuru akainama, akainama tena, na hakumwambia kitu kingine, kwa sababu alikuwa kijana, amechoka, na alikuwa amefanya kazi yake.

Kesho yake walimruhusu kumwona. Wai-hung alikuwa mweupe kama unga, mirija kila mahali, sauti imekwaruzwa na bomba walilokuwa wamemtoa kooni muda si mrefu. Lakini midomo ilikuwa na rangi ya midomo.

"Ulifunga?" alinong'ona.

"Nilifunga."

"Ikawaje?"

"Mbaya," alisema mama yake. "Mbaya sana. Hata makombo yake mabaya."

Kitu kama kicheko kilimpita usoni, akakizuia kwa ajili ya mshono. Akafunga macho. Bi Suet-ngo alidhani amelala, akavuta shuka limfunike vidole vya miguu.

"Mwezi ukiandama," alisema Wai-hung bila kufumbua macho, "niletee nusu yangu."

"Utalitema."

"Nitalimaliza."